Omu za Spika na Risiva ya Nyumbani: Jinsi ya Kuziunga Bila Kuunguza Chochote

Jirani yangu alinunua risiva ya mtumba ya chaneli tano, safi kabisa. Home theatre yake ya zamani ilikuwa imekufa mashine, lakini spika zake tano ndogo zilikuwa bado nzima, kwa hiyo akaziunga kwenye risiva mpya. Siku za mwanzo zilipiga vizuri. Wageni walipofika akapandisha sauti, risiva ikalia "tak" na kunyamaza. Akaiwasha tena, ikapiga dakika chache, "tak". Fundi wa kwanza alimwambia IC, yaani chipu ya kukuza sauti iliyo ndani, imechoka na akataka kuibadilisha.

Risiva haikuwa na ugonjwa wowote. Nyuma yake paliandikwa omu 6 hadi 16. Nyuma ya kila spika paliandikwa omu 3.

Kwa risiva hapa simaanishi king'amuzi cha dishi. Namaanisha ile mashine nzito yenye redio na amplifaya ndani yake, inayopokea sauti ya televisheni, simu au deki na kuzisukuma spika. Mwongozo huu unafaa pia kwa amplifaya ya kawaida ya chaneli mbili.

Kwanza, omu inafanya nini

Omu, inayoandikwa kwa alama ya Ω, ni kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu kinauzuia umeme kupita. Jina limetoka kwa Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Ukinzani wa waya wa kawaida haubadiliki wakati muziki unapiga. Wa spika hubadilika, kwa sababu ndani mna koili inayocheza kwenye sumaku, na kila sauti, ya chini au ya juu, huikuta koili hiyo katika hali tofauti. Spika ya omu 8 inaweza kupanda hadi omu 30 au zaidi kwenye sehemu fulani ya besi, kisha ikashuka hadi 6 na kitu kwenye sauti za juu yake kidogo. Ukinzani huo unaopanda na kushuka ndio unaoitwa impidansi. Namba iliyo kwenye lebo ni ya kukadiria tu. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60268-5 kinataka spika isishuke chini ya asilimia 80 ya namba hiyo: ya omu 8 isipite chini ya 6.4, ya omu 4 isipite chini ya 3.2.

Sasa jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Risiva haitoi wati. Risiva inatoa volti, na spika ndiyo inayoamua ni mkondo kiasi gani upite. Tuseme umefungua sauti hadi risiva ikatoa volti 20. Spika ya omu 8 itavuta ampea 2.5, sawa na wati 50. Weka ya omu 4 bila kugusa kitufe cha sauti: ampea 5, wati 100. Weka ya omu 2: ampea 10, wati 200. Kwenye karatasi inapendeza, kama vile umepata nguvu ya bure. Lakini mkondo huo wote lazima utoke kwenye transfoma na kupita kwenye transista za risiva, na kadiri unavyoongezeka ndivyo joto linavyoongezeka. Risiva iliyotengenezewa omu 6 haina transfoma wala bati la kupozea la kubeba omu 3.

Kwa hiyo kulinganisha hakumaanishi namba mbili zifanane. Namba ya chini iliyoandikwa nyuma ya risiva ni sakafu. Spika zako, zikijumlishwa jinsi zilivyoungwa, zisishuke chini ya sakafu hiyo. Zikiwa juu yake hakuna kinachoharibika. Sauti tu itapungua kidogo. Spika ya omu 16 kwenye risiva inayosema omu 8 itapata nusu ya nguvu ambayo ya omu 8 ingepata, na kupungua huko ni desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Amplifaya za valvu, zile za taa za kioo, zina utaratibu wake: zina sehemu tofauti za kuunga omu 4, 8 na 16, na huko namba ifuatwe. Risiva za transista, ambazo ndizo karibu zote zilizo majumbani, hazina sharti hilo.

Hatua ya 1: Soma mgongo wa risiva

Igeuze ukiwa na tochi. Tafuta maandishi karibu na sehemu za kuunga spika. Mara nyingi yatasema kitu kama "6–16 Ω" au "8 Ω MIN". Kwenye risiva yenye jozi mbili za spika utakuta mistari miwili, kwa mfano "A OR B: 4–16 Ω" na chini yake "A+B: 8–16 Ω". Mstari huo wa pili ndio unaosahaulika. Unasema kwamba ukiwasha jozi zote mbili kwa pamoja, kila spika iwe na omu 8 au zaidi, kwa sababu risiva yenyewe inaziunga sambamba kwa ndani (maana ya sambamba na mfuatano iko kwenye hatua ya 3). Spika za omu 4 zinazoruhusiwa peke yake haziruhusiwi zikiwa na wenzake.

Baadhi ya risiva za zamani hufanya kinyume: zikiwekwa kwenye A+B huunga kwa mfuatano. Dalili yake ni kwamba ukichagua A+B bila kuweka spika yoyote upande wa B, hata A hunyamaza. Watu wengi wamezipeleka kwa fundi kwa sababu hiyo, na hazikuwa na ubovu.

Ukiwa hapo hapo nyuma, soma na volti za umeme wa ukutani. Risiva iliyotoka Japani inaweza kuwa ya volti 100, iliyotoka Marekani ya 120. Ukiichomeka kwenye soketi ya Tanzania yenye volti 230 au ya Kenya yenye 240, mjadala wa omu utakwisha kabla haujaanza.

Hatua ya 2: Jua omu halisi za kila spika

Lebo ikiwepo, isome. Isipokuwepo, kumbuka kanuni za sokoni. Spika za sebuleni za kawaida huwa omu 8 au 6. Spika ndogo zilizokuja na home theatre ya boksi moja mara nyingi ni omu 3 au 4, kwa sababu amplifaya yake ilitengenezwa makusudi kwa ajili yake. Spika za gari ni omu 4, nyingine 2. Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue utakuta vijana wanatengeneza maboksi mazuri ya mbao yenye spika za gari ndani, na watu wanayanunua kwa ajili ya sebuleni. Si kosa kuyanunua. Kosa ni kudhani boksi kubwa lina omu 8 kwa sababu ya ukubwa wake.

Kisha pima. Multimita ya bei ndogo inatosha.

Chomoa kwanza nyaya za spika kwenye risiva. Usipime spika ikiwa imeungwa. Weka multimita kwenye omu 200. Gusanisha ncha zake mbili, uandike inachosoma, labda 0.3, hiyo ni ya nyaya za multimita yenyewe, utaitoa baadaye. Gusa ncha kwenye sehemu mbili za spika, uiache spika itulie bila kuisukuma, usome.

Namba utakayopata itakuwa chini ya ile ya lebo, na hilo ni sawa. Multimita inapima waya wa koili tu kwa umeme usiobadilika, haipimi impidansi. Kwa kawaida:

- ukisoma kati ya 5.5 na 7.5, spika ni ya omu 8;
- kati ya 4.3 na 5.3, ni ya omu 6;
- kati ya 3 na 3.9, ni ya omu 4;
- kati ya 2.2 na 2.8, ni ya omu 3.

Ikisoma 1 upande wa kushoto au "OL", umeme haupiti. Koili inaweza kuwa imekatika. Lakini usihukumu haraka kama unapima twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu, yenye kapasita mbele yake: kapasita huzuia umeme usiobadilika, kwa hiyo multimita itasema imekufa wakati ni nzima. Ruka kapasita, upime moja kwa moja kwenye twita. Na ikisoma karibu na sifuri, usiiunge kwenye risiva kabisa. Hiyo imegusana ndani.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mzigo

Kila chaneli ikiwa na spika moja, hesabu imekwisha: spika ya omu 8 ni mzigo wa omu 8. Chaneli ya kushoto na ya kulia hazijumlishwi. Nimesikia watu wakisema spika mbili za omu 8, moja kila upande, zinakuwa omu 4. Haziwi. Kila chaneli ina amplifaya yake.

Hesabu huanza pale unapotaka spika mbili kwenye chaneli moja, labda moja sebuleni na nyingine barazani. Njia ni mbili.

Kuunga sambamba ni kupeleka chanya ya risiva kwenye chanya za spika zote mbili, na hasi kwenye hasi zote mbili. Umeme unapata njia mbili, kwa hiyo ukinzani unapungua. Zidisha namba mbili, kisha gawanya kwa jumla yake. Omu 8 na 8: 64 gawanya kwa 16, unapata 4. Omu 8 na 4: 32 gawanya kwa 12, unapata 2.67. Omu 8 na 6 ni 3.43. Jibu siku zote huwa chini ya ile ndogo, na hapo ndipo risiva nyingi huangukia. Spika tatu za omu 8 sambamba ni 2.67, nne ni 2.

Kuunga kwa mfuatano ni kuzipanga kama shanga kwenye uzi. Chanya ya risiva inaingia chanya ya spika ya kwanza. Hasi ya spika ya kwanza inakwenda chanya ya spika ya pili. Hasi ya spika ya pili inarudi kwenye hasi ya risiva. Hapa unajumlisha tu: 8 na 8 ni 16, 3 na 3 ni 6. Risiva haipati shida, lakini sauti inaweza kuharibika kama spika hazifanani, kwa sababu kila spika inabadilisha umeme unaofika kwa mwenzake. Kwa hiyo unga kwa mfuatano spika za aina moja tu.

Ukiwa na spika nne za omu 8 zinazofanana na chaneli moja, zipange mbili mbili kwa mfuatano, upate jozi mbili za omu 16, kisha jozi hizo uziunge sambamba. Unarudi kwenye omu 8.

Jirani tulimtengenezea hivi. Spika nne kati ya zile tano tulizigawa mbili upande wa kushoto, mbili upande wa kulia, kila upande kwa mfuatano. Omu 3 na 3 zikawa 6, sawa na sakafu ya risiva yake. Spika ya katikati tukaiacha, na kwenye menyu ya risiva tukachagua kwamba haipo, ili sauti za watu kwenye filamu zigawiwe kushoto na kulia zisipotee. "Tak" haikurudi. Sabufa ya home theatre ile haikutumika, maana sabufa nyingi za namna hiyo hazina amplifaya ndani yake. Tundu la sabufa kwenye risiva linatoa alama ndogo tu ya sauti, haliwezi kuendesha koili.

Sabufa yenye plagi yake ya umeme ni habari nyingine. Ina amplifaya yake, kwa hiyo omu zake hazimhusu mtu yeyote ila yenyewe. Ya gari yenye koili mbili za omu 4 hukupa chaguo: koili kwa mfuatano ni omu 8, sambamba ni omu 2. Kwa risiva ya nyumbani chagua 8.

Onyo moja kwa wanaotumia amplifaya ndogo za kisasa, zile za bodi moja zinazouzwa kwa bei ndogo. Nyingi kati ya hizo zinatoa umeme wa sauti kwenye pande zote mbili za spika, na hasi yake si ardhi. Usiziunganishe hasi za kushoto na kulia ili kuokoa waya. Utaiunguza papo hapo.

Kuna wanaopendekeza kuongeza rezista, yaani kifaa cha kuzuia umeme, ya omu 4 kwa mfuatano na spika ya omu 4 ili ziwe 8. Kwa hesabu ni sahihi. Lakini rezista itakula takriban nusu ya nguvu yote na kuigeuza joto, na besi italegea. Nakubali hilo kwa spika ya nyuma inayopiga kwa sauti ndogo tu, kwa rezista kubwa ya saruji ya wati 10 au 20, isiyogusana na mbao wala kitambaa. Kwa spika za mbele sishauri.

Hatua ya 4: Swichi ya impidansi

Baadhi ya risiva, hasa za Yamaha na Sony, zina swichi nyuma au mpangilio kwenye menyu wa kuchagua omu 8 au namba ya chini zaidi. Wengi hudhani swichi hiyo inabadilisha umbo la sauti ili liendane na spika. Kazi yake kubwa ni kupunguza volti au nguvu ambayo amplifaya inaweza kutoa, ili joto lisizidi. Spika zako zikiwa za omu 8, iache kwenye 8. Zikiwa za omu 6 au 4, fuata kitabu cha risiva yako, ukijua kwamba sauti itaanza kukwaruza mapema zaidi unapopandisha. Ikianza kukwaruza, shusha: sauti iliyokatika kichwa ndiyo inayoua twita, hata za omu sahihi. Na swichi hiyo haikupi ruhusa ya kwenda chini ya namba iliyoandikwa.

Hatua ya 5: Waya

Waya nao una omu, na kadiri spika ilivyo na omu chache ndivyo waya mwembamba unavyoonekana. Lenga waya usizidi asilimia 5 ya impidansi ya spika: omu 0.4 kwa spika ya 8, omu 0.2 kwa spika ya 4. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una omu 0.012 hivi kwa kila mita. Spika ikiwa mita 10 mbali, umeme unakwenda na kurudi, yaani mita 20, karibu omu 0.24. Kwa spika ya 8 inatosha. Kwa ya 4 tumia wa 2.5, unaoshuka hadi 0.15. Vile vyembamba vya rangi nyekundu na nyeusi vinavyokuja bure ni vya mita mbili tatu tu.

Ukinunua, kwangua ncha kwa kisu. Ikitokea nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na itakubidi uchukue unene unaofuata.

Ukimenya ncha, sokota nyuzi zake vizuri. Unyuzi mmoja uliotoroka kutoka chanya na kugusa hasi ni sawa na spika ya omu sifuri.

Hatua ya 6: Kuunga na kujaribu

Chomoa risiva ukutani. Unga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kila spika. Kama spika haina alama, gusisha betri ya volti 1.5 kwa nusu sekunde: koni ikisukumwa nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Ukikosea upande mmoja, hakuna kitakachoungua, ila besi itapotea katikati ya chumba.

Washa sauti ikiwa chini. Kama una sabufa yenye amplifaya yake, ingia kwenye menyu uweke spika zote kuwa ndogo na besi igawanywe kwenye hezi 80, au 120 kwa spika ndogo za home theatre. Besi ndiyo inayokula mkondo mwingi kuliko yote, na ukiihamishia kwenye sabufa risiva itapumua, hasa kwa spika za omu chache.

Piga kwa kiwango chako cha kawaida kwa saa nzima, kisha weka mkono juu ya risiva. Joto la kikombe cha chai unachoweza kukishika si tatizo. Ukilazimika kuutoa mkono, kuna mzigo mkubwa mno au hewa haitoshi. Iache sentimita 10 juu yake, usiweke king'amuzi hapo, na kile kitambaa cha kufuma chenye maua, hata kama ni cha mama, kihamie kwenye meza. Nimeona risiva zenye omu sahihi kabisa zikijizima kwa sababu matundu yake yalifunikwa.

Ikijizima, au ikiandika "PROTECT", usiiwashe mara kumi ukitumaini. Ichomoe, toa spika zote, iwashe peke yake. Ikikataa bila spika yoyote, ndipo umpelekee fundi. Ikikubali, izime, rudisha spika moja, jaribu, halafu inayofuata, hadi umpate mkosaji. Mara nyingi atakuwa unyuzi wa waya nyuma ya boksi, au spika moja ambayo koili yake imeanza kugusana. Ikijizima tu sauti ikipanda na kila spika ikiwa peke yake ni nzima, rudi kwenye hesabu ya hatua ya 3.

Ukimaliza, chukua kalamu na kipande cha utepe, andika omu ulizopima nyuma ya kila boksi, na jumla ya kila chaneli karibu na nyaya za risiva. Siku mtoto wako au shemeji atakapokuja na spika ya tano, atasoma kwanza.